Brasinosteroidi, jiberelini au oksini: upulizie ipi kondeni Malindi?

Ukiingia duka la pembejeo hapa Malindi ukaulizia "dawa ya kukuza", utawekewa mezani vitu vitatu au vinne visivyofanana. Kuna vidonge vya kurefusha, kichupa cha kushikiza maua, unga wa kuotesha mizizi. Ukimuuliza muuzaji tofauti yake, atakwambia zote ni homoni za mimea. Hajadanganya, ila jibu hilo halimsaidii mwenye ekari mbili za tikiti kando ya mto Sabaki, wala mwenye miembe ya ngowe na apple kule Gede anayengoja maua yasiyokuja.

Nalinganisha hapa homoni tatu zinazowachanganya watu: oksini, jiberelini na brasinosteroidi. Naweza kuzipanga kwa bei au kwa ahadi za lebo, lakini naona ni heri nianzie ndani ya seli: ujumbe wa homoni unapokelewa wapi, na ukishapokelewa kinafuata nini. Mkulima akishalielewa hilo, hahitaji kukariri kipimo wala wakati wa kupulizia, kwa kuwa sababu zake anazijua. Nitakawia zaidi kwenye brasinosteroidi. Ndiyo ngeni kati ya hizo tatu, na ndiyo inayouzwa kwa sifa nyingi na maelezo machache.

Zilivyogunduliwa

Oksini ndiyo kongwe. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba ncha ya mche wa nyasi ndiyo inayohisi mwanga, kisha habari zinateremka hadi sehemu inayopinda. Katika miaka ya 1920 Frits Went, Mholanzi, akaweza kuinasa dutu yenyewe kwenye vipande vya agari, aina ya jeli. Jiberelini ilitokana na ugonjwa wa mpunga. Eiichi Kurosawa alionyesha mwaka 1926 kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachoifanya miche irefuke kupita kiasi, ipauke na kulala chini.

Brasinosteroidi ilichelewa sana. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba chavua ya rapa, mmea ulio jamaa wa kabichi na sukuma wiki, ina kitu kinachokuza mashina kwa nguvu. Ilichukua miaka tisa kukijua kitu chenyewe. Mwaka 1979 molekuli ilichorwa na kupewa jina brasinolidi, baada ya kukamua chavua nyingi mno iliyokusanywa na nyuki ili kupata miligramu chache tu. Kiasi hicho kidogo si ajali ya maabara, maana ndivyo homoni hii ilivyo hata ndani ya mmea, na tutakirudia tukifika kwenye vipimo.

Mzee mmoja wa Ganda alinisikiliza mpaka hapo akanikata: "Mwanangu, steroidi si ndiyo zile wanazojidunga vijana wa kubeba vyuma? Nami niwalishe watu nyanya zake?"

Nikamwambia, "La, baba. Umbo lake lina undugu na zile, maana zote zina pete nne za kaboni zilizoshikana, kama vile kolesteroli. Lakini kila mmea unajitengenezea yake. Maharage unayokula nyumbani yanazo, na mchicha unazo."

Wasiwasi wake ulikuwa wa haki, na ni vizuri muuzaji aweze kuujibu. Tofauti kubwa zaidi, ambayo sikumweleza siku ile, iko kwenye namna steroidi hizo zinavyosomwa. Homoni za steroidi za mwanadamu na wanyama kwa kawaida hupenya mpaka ndani ya seli, zikashikana na vipokezi vinavyokwenda kwenye kiini na kugusa jeni moja kwa moja. Mimea imechukua njia nyingine kabisa.

Nani anapokelewa dakani, nani anaingia ndani

Fikiria nyumba ya mawe ya Lamu. Mgeni wa kawaida hupokewa kwenye daka, pale penye viti vya mawe kando ya mlango mkubwa, na habari zake hupelekwa ndani na watu wa nyumba. Jamaa wa karibu hupita kiwandani mpaka ndani. Brasinosteroidi ni mgeni wa dakani. Jiberelini na oksini ni jamaa.

Jiberelini ikiingia ndani ya seli hushikana na kipokezi kiitwacho GID1, kilichotambuliwa kwenye mpunga mwaka 2005. Ndani ya kiini kuna protini za kundi la DELLA ambazo kazi yake ni kuzuia ukuaji. Kipokezi kikishashika homoni, huing'ang'ania DELLA, nayo hutiwa alama na kupelekwa kwenye chombo cha seli cha kusaga protini. Kizuizi kikishasagwa, jeni za kurefuka hufunguka. Njia hiyo ni fupi, na matokeo yake huonekana kwa macho: shina linarefuka.

Oksini hufuata kanuni ya karibu na hiyo. Kipokezi chake TIR1 kimo ndani ya kiini, nacho kilithibitishwa mwaka huohuo wa 2005. Oksini hukaa katikati ya TIR1 na protini za kuzuia ziitwazo Aux/IAA, ikazishikamanisha, na hizo za kuzuia zikaenda kusagwa. Kinachoitofautisha oksini ni mwendo wake mmeani. Hutengenezwa kwa wingi kwenye vichipukizi na majani machanga, kisha husukumwa kutoka seli hadi seli kuelekea chini. Ukikata tawi, oksini inayoteremka hukwama kwenye kidonda na kujazana hapo, na kujazana huko ndiko kunakoamsha mizizi. Unga wa kuotesha mizizi haufanyi muujiza wowote, unaongeza tu kile ambacho tawi lenyewe limekwisha kuanza.

Sasa brasinosteroidi. Kwenye utando wa seli kumesimama kipokezi BRI1. Mimea isiyokisikia ilielezwa mwaka 1996, na jeni yake ikapatikana mwaka 1997 kwenye mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Sehemu ya BRI1 iliyo nje ya seli imejikunja kama mviringo, na ndani ya mkunjo huo mna nafasi inayoitosha brasinolidi. Homoni ikikaa hapo, sehemu yake inabaki imechomoza, nayo hushikana na kipokezi msaidizi kiitwacho BAK1. Kwa hiyo steroidi haivuki mlango. Inawaunganisha wawili hawa na kuwaacha wafanye kazi.

Kabla homoni haijafika, BRI1 imezuiwa kwa ndani na protini ndogo BKI1. BRI1 na BAK1 wakishaungana, hubandikana fosfeti (vijialama vya fosforasi vinavyowasha au kuzima protini), BKI1 huachia, na ujumbe huanza kupita kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kimeng'enya BIN2. Huyu BIN2 ndiye wa kumwangalia. Homoni ikikosekana yeye yuko kazini saa zote, akibandika fosfeti kwenye protini mbili, BZR1 na BES1. Zikishabandikwa haziwezi kushika jeni. Hubakizwa nje ya kiini na nyingine husagwa. Ujumbe wa homoni ukimfikia, BIN2 huondolewa fosfeti aliyoihitaji ili afanye kazi, akazimwa. Kimeng'enya kingine, PP2A, huzivua BZR1 na BES1 fosfeti zao, nazo huingia kwenye kiini na kushika maelfu ya jeni. Baadhi huziwasha, kama zile za protini zinazolegeza ukuta wa seli ili itanuke. Nyingine huzizima.

Miongoni mwa zinazozimwa ni jeni za kutengeneza brasinosteroidi yenyewe. Sioni jambo lenye faida zaidi kwa mkulima katika habari yote hii. Mmea ukihisi homoni imezidi, hupunguza uzalishaji wake. Kumwaga zaidi hakuleti ukuaji zaidi, na kuna mahali kunadhuru, hasa mizizini: brasinosteroidi kidogo hurefusha mzizi, ikizidi huudumaza.

Kuna kazi moja isiyongoja jeni. BRI1 ikiamka, pampu za utando husukuma asidi kwenda kwenye ukuta wa seli, ukuta unalegea, na seli inavuta maji na kutanuka. Tazama neno maji hapo. Seli hutanuka kwa maji inayoyavuta, si kwa homoni. Konde kavu lililopuliziwa homoni bado ni konde kavu.

Mimea iliyokosa

Njia rahisi ya kujua kazi ya homoni ni kutazama mmea uliozaliwa bila homoni hiyo, au usioisikia.

Mmea usiosikia brasinosteroidi ni kibete wa kijani kibichi kilichokolea, majani yamejikunja, na mara nyingi upande wa kiume wa ua haufanyi kazi sawasawa. Kwa hiyo homoni hii inahusika na chavua na kushika matunda, licha ya kurefusha. Ikiwa umewahi kuona nyanya ndogo ya vyungu iitwayo Micro-Tom, ile inayokaa dirishani, ufupi wake umechangiwa na kasoro kwenye jeni ya kutengeneza brasinosteroidi. Shayiri fupi ya uzu ya Mashariki ya Asia nayo ina badiliko kwenye kipokezi BRI1.

Mmea uliopungukiwa na jiberelini nao ni mfupi, ila majani yake ni ya kawaida zaidi na unaweza kuzaa vizuri. Ufupi wa namna hiyo ndio uliobadilisha ngano na mpunga duniani. Mpunga IR8 uliotolewa mwaka 1966 una kasoro kwenye kutengeneza jiberelini. Ngano fupi za wakati ule zina DELLA zisizosagika kwa urahisi. Shina fupi halianguki likibeba suke zito la mbolea nyingi. Nashangaa watu wanaponunua jiberelini ya kurefusha mahindi hapa Pwani, kwenye upepo wa kusi, ilhali wakulima wa dunia nzima wametajirika kwa mazao yaliyonyimwa homoni hiyohiyo.

Kwa mpunga kuna funzo jingine dogo. Mipunga iliyopungukiwa kidogo na brasinosteroidi huwa na majani yaliyosimama wima, nayo ikipandwa kwa kubanana hupata mwanga vizuri zaidi. Wakati mwingine chaguo bora la homoni ni kuipunguza kupitia mbegu, wala si kupulizia.

Vipimo, na maji ya visima vyetu

Tuweke kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20. Brasinosteroidi za dukani, kama epibrasinolidi na homobrasinolidi, hufanya kazi kwenye sehemu 0.1 kwa milioni au hata chini ya hapo. Sehemu 0.1 kwa milioni ni miligramu 2 tu kwenye pampu nzima. Jiberelini kwa sehemu 20 kwa milioni ni miligramu 400. Oksini aina ya NAA, inayotumiwa kupunguza kupukutika kwa matunda machanga, kwa sehemu 20 hadi 40 kwa milioni ni miligramu 400 hadi 800. Unga wa kuotesha mizizi wa asilimia 0.3 una gramu 3 za oksini katika kila kilo.

Pengo hilo lina maana dukani. Kosa la kijiko kimoja kwenye jiberelini linaongeza urefu usioutaka. Kosa hilohilo kwenye brasinosteroidi iliyokolezwa ni kuzidisha mara kumi au mia. Hakuna mizani ya jikoni inayopima miligramu 2, kwa hiyo nunua iliyokwisha kuchanganywa kwa nguvu ndogo yenye kipimo cha mililita, au usinunue kabisa. Na ukiona chupa ya "brasinolidi" isiyotaja asilimia, iache hapohapo.

Visima vingi vya ukanda wetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu, yenye chokaa, mengine yana chumvi. Jiberelini huvunjika upesi kwenye maji ya kialkali. Mtu akichanganya jioni ili apulizie asubuhi, akatumia maji ya kisima, asishangae isipofanya kazi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora, au uyapime kwanza kwa karatasi ya asidi, kisha utie siki kidogo yakiwa ya kialkali mno. Changanya kiasi cha kumaliza wakati uleule.

Brasinosteroidi haina shida sana na maji, shida yake ni mwendo. Majaribio ya kuunganisha miche ya njegere na nyanya yalionyesha kwamba brasinosteroidi ya asili haisafiri kutoka mizizini kwenda matawini. Hutumiwa karibu na pale ilipotengenezwa. Oksini inajua njia, jiberelini nayo husafiri, hii hukaa. Kwa mpuliziaji maana yake ni kwamba majani na maua yasiyolowa hayapati kitu. Pua ya pampu iwe ya matone madogo, na kazi ifanyike alfajiri kabla upepo haujaamka. Yule anayepulizia saa nne kwenye kaskazi kali anawapulizia majirani.

Kwa zao lako

Mwembe kwanza, kwa kuwa ndiko pesa nyingi zinakopotea. Mwembe unaohangaika na kuchipua majani badala ya maua una jiberelini ya kutosha tayari, na homoni hiyo ndiyo inayouzuia kuchanua. Ukiupulizia jiberelini kabla ya msimu wa maua, utapata majani mazuri na embe kidogo. Kinachotumika duniani kuharakisha maua ya mwembe ni kinyume chake: paklobutrazoli, inayomwagwa kwenye udongo kuzunguka shina ili kuzuia mmea usitengeneze jiberelini. Inafanya kazi, ila hudumu udongoni muda mrefu, na mti uliozidishiwa hutoa machipukizi mafupi yaliyobanana misimu inayofuata. Mwenye miti michache ya kula nyumbani asihangaike nayo. Apogoe, aache kipindi cha ukavu kifanye kazi yake, asimwagie maji miti iliyokomaa wakati huo.

Maua yakishatoka na vijiembe vya ukubwa wa njegere vikaanza kupukutika, hapo oksini ya NAA ina nafasi yake, kwa kipimo kidogo. Brasinosteroidi nayo huuzwa kwa kazi hiyo. Kwa kuwa inahusika na chavua, hoja ina mantiki, lakini kwa mwembe mimi ningeanza na NAA iliyozoeleka zaidi, na kabla ya hiyo ningetazama ubwiri unga na inzi wa matunda. Tunda lililotobolewa na inzi halishikizwi na homoni yoyote.

Nyanya na tikiti za kando ya Sabaki ni habari tofauti, na hapa brasinosteroidi inanivutia zaidi. Adui wa nyanya ya Malindi mnamo Februari na Machi ni joto. Chavua hufa na maua hudondoka. Mwaka 1999 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba miche ya nyanya na ya rapa iliyopewa epibrasinolidi ilistahimili joto kali kuliko isiyopewa. Kuna majaribio mengi pia yanayoonyesha mbegu za mpunga zilizolowekwa ndani yake zikichipua vizuri zaidi kwenye maji ya chumvi, jambo la kuwagusa walio karibu na Gongoni na Ngomeni. Ila kati ya chombo cha maabara na konde pana mwendo. Tangu brasinosteroidi ianze kujaribiwa mashambani, sifa yake mbaya imekuwa ni kutotabirika: msimu huu inasaidia, ujao haionekani. Umri wa mmea, saa ya kupulizia, aina ya molekuli, vyote vinabadilisha jibu.

Kwa hiyo kwa nyanya ningesema hivi. Ikiwa una maji ya uhakika, matandazo ya majani au makuti yameshafunika udongo, na mbegu yako ni ya kuvumilia joto, basi brasinosteroidi kwa kipimo kidogo mara tu maua ya kwanza yanapofunguka ni jaribio lenye maana. Acha mistari miwili bila kupulizia ili uwe na cha kulinganisha. Ikiwa matandazo huna, pesa hizo nunua makuti. Jiberelini kwenye nyanya ya joto siipendekezi, maana hutoa mashina marefu membamba yanayohitaji vijiti virefu zaidi.

Tikiti lenyewe hutambaa, kwa hiyo kulirefusha hakuna faida. Shida yake kubwa huku ni uchavushaji: nyuki wakikosekana, tunda hujipinda. Usipulizie chochote asubuhi maua yakiwa wazi, hata homoni.

Mahindi ya mvua ya mwaka sioni sababu ya kuyapa homoni yoyote ya kununua. Samadi na palizi ya mapema zitakupa zaidi.

Kwa wenye vitalu, hasa wanaouza bogenvilia na maua ya bustani kwa hoteli na nyumba za pwani, uamuzi ni mwepesi: oksini ya mizizi, aina ya IBA, bila kufikiri mara mbili. Chovya ncha ya tawi kwenye unga, kung'uta uliozidi, toboa shimo kwa kijiti kwanza ili unga usifutike, kisha panda kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu. Hata kumenya ganda la tawi la mndimu likiwa bado mtini na kulifunga udongo mbichi kunafanikiwa zaidi pakipakwa IBA. Brasinosteroidi na oksini husaidiana ndani ya seli, jambo lililothibitishwa vizuri, lakini sijui kwa nini mtu aongeze gharama ya pili wakati ya kwanza inatosha.

Na mnazi? Hakuna atakayepanda na pampu mgongoni mita 20 juu kupulizia makuti. Lakini mnazi una lake la kujivunia. Maji ya dafu yana homoni za kundi la saitokinini, na tangu mwaka 1941 wanasayansi wameyatia kwenye chupa za kukuzia viini-tete vya mimea. Kuna wanaomwagia miche maji ya dafu. Hayadhuru yakichanganywa na maji mengi, ingawa bei ya dafu Malindi sasa inanifanya nione ni heri kuyanywa.

Ukifika dukani

Tafuta jina la kiambata chenyewe na asilimia yake, achana na jina la kibiashara lililoandikwa kubwa. GA3 ni jiberelini. NAA na IBA ni oksini. Epibrasinolidi, homobrasinolidi na brasinolidi ni brasinosteroidi. Lebo iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti viuatilifu, tarehe ya kwisha, na muda wa kungoja kabla ya kuvuna. Kichupa kilichokaa juani kwenye kioo cha duka kiache.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni pampu. Dawa ya magugu ya 2,4-D, inayotumika kwenye mahindi, nayo ni oksini ya kutengenezwa. Huua magugu yenye majani mapana kwa kuyajaza ujumbe uleule usiokoma mpaka yajipinde na kufa. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayoihisi upesi kuliko yote. Mabaki kidogo kwenye mpira wa pampu yanatosha kukunja majani ya nyanya nzima ya konde, na mkulima atalaumu homoni aliyoinunua jana. Weka pampu moja ya dawa ya magugu, itie alama ya rangi nyekundu, na nyingine iwe ya mazao. Ukikosa uwezo wa mbili, azima ya jirani kwa ajili ya magugu, na umrudishie ikiwa imeoshwa kwa sabuni mara tatu, maana kesho naye anaweza kuitia kwenye mabamia.